Ulimeza au Ulitema?

Kalundja, Baraka
Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023

Kwa shangazi yangu Florentine,
Kambi ya Nyarugusu, Tanzania

Mpendwa shangazi,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijasema lolote naomba unijibu: goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwenye simu kwamba la kushoto limepona na la kulia limeanza, nami nikacheka, nawe ukakata simu. Nisamehe. Je, yule dada wa zahanati bado anakupa dawa ya kupaka? Mvua imefika kwenu? Unga mnapata? Na Nadège amejifungua salama, au bado anatembea na tumbo lake kila mahali akijidai hachoki?

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, njia ya kwenda Lweba ni matope matupu, ndagala ni wachache ziwani kwa sababu ya mbalamwezi, na mihogo yako kule shambani inastawi. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ningekupigia, lakini simu yako ni ya yule jirani yako, naye huweka sauti nje hadi mtaa mzima unasikia. Mambo haya si ya mtaa mzima. Haruna mfanyabiashara anavuka kwenda Kigoma Jumatatu na boti yake, nitampa barua hii mkononi, nikiwa nimeibandika kwa gundi mara mbili.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi nafundisha kemia katika kile chuo kipya cha hoteli na vyakula, chenye bati jekundu. Mwezi wa nane mkurugenzi wetu, Bwana Darius, aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nitafundisha somo jipya: kuijua bia na kuionja. Saa thelathini, pamoja na mtihani. Nilidhani amekosea mtu. Mimi, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ambaye bia haijagusa ulimi wangu tangu nizaliwe!

"Njo maana tunakuchagua weye," akaniambia. "Mwaka jana somo ya divai tulipatia mwalimu Lionel. Ku wiki ya pili haikubakia hata chupa moya ya kuonesha banafunzi. Weye haukunywake. Pombe itafika ku banafunzi."

Mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa. Lakini alinieleza kwamba Mama Solange, mwenye hoteli huko Kalemie, atakuja katikati ya Oktoba kuchagua vijana wanne wa kuwapa kazi, na anataka watu wanaojua wanachomimina. Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja, na kazi hapa Baraka unazijua. Sikuweza kukataa.

Kwanza nilikwenda kwa Mchungaji Casimir, maana sikutaka asikie kwa watu. Alifikiri siku mbili. Akaniruhusu nifundishe kwa macho na kwa pua, lakini bia isipite kooni. Ikipita, nitaondolewa kwenye meza ya Bwana miezi sita, na kwaya nitaiacha. Shangazi, unajua kwaya ile ni nini kwangu tangu mume wangu Déogratias afariki. Siku nyingine ndiyo sababu pekee ya mimi kuvaa viatu. Nikamwahidi mchungaji: haitapita kooni.

Bwana Darius alinipa kitabu cha Kifaransa, kurasa arobaini, nakala iliyofifia. Nilikisoma kama ninavyosoma Zaburi. Nikajifunza rangi, povu, shayiri, chachu, na ule uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Nilijua yote isipokuwa bia yenyewe.

Basi siku ya somo la kwanza nilifika mapema kabla ya wanafunzi. Nikafungua chupa tatu stoo, nikapima joto lake, nikamimina katika vikombe kumi na kimoja, nikavipanga mezani na kuvifunika karatasi kwa ajili ya nzi. Nilijiona mtaalamu. Wakaingia, wakakaa, wakaandika kila nililosema. Mwishoni nikasema, haya, onjeni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikarudia. Waliviangalia vile vikombe kama watu wanaoangalia nyoka aliyelala.

Mimi nikadhani ni watoto waliookoka! Machozi yakanilengalenga. Nikawaambia kwamba dhamiri ni kitu cha thamani, kwamba sitamlazimisha mtu, na nikawahubiria karibu robo saa. Walinisikiliza kwa adabu, wakatoka mmojammoja. Nikamwaga bia yote nyuma ya choo, nikarudi nyumbani nikiimba.

Siku ya pili ikawa vilevile. Hapo nikaanza kukasirika, maana hata dhamiri ina mipaka ikiwa umelipiwa masomo. Wote walipotoka akabaki msichana mmoja, Tania, mtoto wa Lweba, mrefu, mwenye sauti ndogo. Baba na mama yake walikufa vita ilipopita kwao, na ndugu wa baba wametawanyika. Yeye huuza ndagala sokoni asubuhi kisha huja darasani, na ukikaa karibu naye unajua.

"Madame, usikasirike," akaniambia. "Ile pombe unafungulia wapi?"

"Mu stoo."

"Na nani anaona?"

"Hakuna muntu."

"Na weye unaonja?"

"Mi sinywake pombe, unajua vile."

"Basi, madame, sisi tutaikunywa namna gani?"

Nilikaa chini, shangazi. Nina miaka arobaini na miwili katika nchi hii. Najua, kama kila mtoto ajuavyo, kwamba mwenye pombe huifungua mbele ya wageni na kuonja wa kwanza, ili waone hakuna kitu ndani yake. Hata wewe, ulipokuwa ukipika kasikisi kabla hujaokoka, hukumpa mtu kabla ya kunywa funda lako. Lakini nilikuwa nimekisoma kile kitabu hadi nikasahau nyumbani. Nimewamiminia watoto wa watu pombe mafichoni kama mlozi, nimeifunika karatasi, kisha nimesimama nikiwahubiria huku nikingoja nani atakunywa!

Na habari ilikuwa imeshatoka. Wazazi wawili walikuwa wamekwenda kumwuliza Bwana Darius yule mwalimu wa kemia anatengeneza nini na kwa nini hakinywi. Aliniita tena, safari hii bila kufunga mlango. Akasema nionje, au somo life. Na somo likifa, Mama Solange hatakuja.

Usingizi ulinipaa. Nikionja, meza ya Bwana inakwenda na kwaya inakwenda. Nisipoonja, watoto kumi na mmoja wanarudi kuuza ndagala. Nikakifungua kitabu tena, nikitafuta sijui nini, na katika ukurasa wa ishirini na tatu nikakuta imeandikwa: mwonjaji wa bia nyingi huizungusha mdomoni, kisha huitema. Huitema! Haipiti kooni! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Somo la tatu nilileta chupa zimefungwa. Nikazifungua mbele ya wote, nikamimina, nikanyanyua kikombe wanione vizuri, nikatia funda moja kubwa mdomoni. Chungu, shangazi! Watu wanauza mbuzi kwa ajili ya kitu hiki? Nikaizungusha kama kitabu kilivyosema. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuleta ndoo.

Bia ina gesi, jambo ambalo mwalimu wa kemia angepaswa kulijua kuliko wote. Ikavimba mashavuni. Nikageuka huku, dirisha limefungwa. Nikageuka huku, ubao. Nikataka kukimbilia mlangoni, lakini haikuningoja. Ilitoka yenyewe, pfuuu, ikawanyunyizia waliokaa benchi la mbele, Tania akiwa katikati yao.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nafungua mdomo kuomba radhi nikaona wameinamisha vichwa. Wote. Hata wale wa nyuma ambao hawakupata tone walikuwa wamesogea mbele. Kisha wakapiga makofi, yale ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, mara tatu. "Asante, Mama," wakasema. Si Madame. Mama. Na kila mmoja akachukua kikombe chake akanywa.

Sikuelewa kitu. Nilidhani wananionea huruma kwa aibu niliyoipata, na kwamba wamefundishwa heshima nyumbani kwao. Nikashukuru Mungu, nikaendelea na somo. Tangu siku hiyo nilileta ndoo, nikawa naonja na kutema ndani yake kwa adabu, na hawakujali tena.

Na nikwambie ukweli, shangazi, lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Kitabu kinasema bia hii inanukia matunda ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Tukakiacha kando. Mmoja akasema hii inanuka muhogo wa siku tatu majini. Mwingine akasema hapana, ni ganda la ndizi iliyoiva sana. Ule uchungu wakauita mwarobaini, na ikawa imekubalika. Tukagundua hata kwamba ile harufu mbaya ambayo kila mtu mjini anaijua, na kudhani ndiyo bia yenyewe, hutokana na chupa kukaa juani kwenye boti siku nzima bila turubai. Tulijaribu: chupa moja juani juu ya bati, nyingine kivulini. Tania alizitofautisha akiwa amefumba macho, kwa pua tu, mara nne mfululizo. Muuza samaki, hiyo pua ameifundisha muda mrefu.

Mama Solange alipokuja wiki iliyopita, alimpa Tania chupa mbili, naye akamwambia ipi ilikaa juani wakati wa safari. Mama yule akacheka, akamwandika wa kwanza. Akachukua wengine watatu. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Jumapili ya wiki hiyo hiyo, nimetoka kanisani, nikakuta kijana uani kwangu na pikipiki mpya yenye nailoni bado. Akavua kofia.

"Mama, nikuombe. Utemee ile moto yangu kidogo," akasema, akiionyesha pikipiki.

"Nifanye nini?"

"Banasema mate yako iko na baraka. Ulitemea batoto ba masomo, na bane bamepata kazi."

Nilimfukuza kwa ufagio, yeye na pikipiki yake. Kisha nikaegemea mlango, na ndipo kila kitu kilipofunguka: vichwa vilivyoinama, makofi, Mama badala ya Madame. Walidhani nimewabariki! Kama babu alivyokuwa akifanya, pombe mdomoni, kuwapulizia wajukuu wanaosafiri na kuwataja waliolala kabla yetu. Mimi nilikimbia dhambi ya bia nikaangukia mizimu. Niliruka mkojo nikakanyaga mavi, samahani kwa neno hilo.

Jumatano baraza la wazee likaniita. Kwa bia, adhabu ni miezi sita. Kwa mizimu ni mwaka mzima, na kusimama mbele ya kanisa. Mzee wa kwanza akaniuliza, ulimeza au ulitema? Nikajibu, nilitema. Wakatazamana. Mwingine akasema ingekuwa nafuu kama angemeza. Mwingine akauliza kama labda nilimeza kidogo, akinihurumia, niandikwe kwa kosa dogo. Shangazi, nilikaa pale nikiwa sijui ni dhambi ipi niiombe.

Nikatoa kitabu. Mchungaji Casimir akavaa miwani, akasoma ukurasa wa ishirini na tatu, akawafasiria. Mjadala ukawa mrefu: je, Wazungu wanapotema bia wanamwita nani? Ikaonekana hawamwiti mtu. Mwishowe mchungaji akaniuliza jambo moja tu, "Ulipotema, moyoni ulikuwa unawabariki?" Nikajibu mbele ya Mungu kwamba hapana, nilikuwa natafuta ndoo. Wakaniachilia. Kesho ni Jumapili ya meza ya Bwana, na kwaya tutaimba nyimbo mbili. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi kabisa.

Laiti ningemalizia barua hapo.

Alhamisi asubuhi Tania akaja. Boti ya Kalemie ilikuwa iondoke Ijumaa. Amesuka nywele, amevaa kitenge ambacho nilijua si chake. Nilidhani amekuja kuaga. Akapiga magoti mlangoni, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Madame, ni maji," akasema. "Sikuleta pombe, juu najua kanisa yenu haipende. Njo sababu nimeleta maji."

Nikamwambia, "Tania, ile siku haikuwa baraka. Nilikosa ndoo. Batu bote bamesikia vile ku baraza."

"Najua, madame. Hata mimi nimesikia."

"Basi unataka nini?"

"Kwetu hakuna mwenye alibakia wa kunifanyia. Siwezi kuvuka hivi hivi."

Hakulia. Angelia ningemshika bega nikamwombea kama tunavyoomba, na mambo yangeishia hapo. Na nilianza hivyo, nilimwambia tufumbe macho, nikasema "Baba yetu uliye mbinguni". Lakini alikuwa bado amekinyanyua kile kikombe, maji yakitikisika, na nilipofumbua jicho moja nikaona anaangalia sakafu tu, akingoja.

Nikakichukua. Nikatia maji mdomoni, nikampulizia kwenye paji la uso, kifuani na katika viganja. Nikasema maneno yenyewe, yale ya babu, kwa Kibembe, hakuna hata moja lililonipotea. Nikawataja baba yake na mama yake kwa majina, nikawaambia mtoto wao anavuka, wasimwachie mkono. Tania akapiga yale makofi matatu, akainuka, akafuta uso, akacheka kama mtoto. Jana boti imeondoka naye.

Sasa unaona nilipo. Jambo nililolifanya bila kujua, wazee wanne waliliketia kutwa nzima. Nililolifanya kwa kujua, hakuna anayeniuliza. Nikinyamaza, kesho nitaimba, nitaketi mezani na wenzangu, na hakuna kinywa kitakachofunguka mjini, maana Tania yuko Kalemie. Na nashindwa hata kulipatia jina. Yalikuwa maji tu. Nilianza na Baba Yetu. Lakini niliwaita wafu, shangazi, tena niliwaita nikitaka wanisikie.

Kuna lingine linanichoma. Kazi hiyo katika ukoo, tangu babu atutoke, ni ya mashangazi. Ni yako, si yangu, na yule hata si wa ukoo wetu. Kama nimekuibia heshima yako, nipe fidia unayotaka, nitaituma na Haruna.

Najua ungenijibu vizuri, wewe uliyeishi pande zote mbili za jambo hili. Lakini barua hii itakapokufikia, Jumapili itakuwa imeshapita, kwa hiyo nimelazimika kuamua peke yangu. Kesho nitakwenda mapema, kabla ya kengele, nimweleze mchungaji. Nimeshampa Vanessa, mwenzangu wa kwaya, daftari la nyimbo, nimemwambia koo linaniuma, Mungu anisamehe na huo uongo mdogo. Kikombe kitakapopita nitampa jirani yangu bila kunywa, na mwaka mzima nitakaa benchi la nyuma nisikilize wenzangu wakiimba. Hilo nimelikubali, ingawa limeniliza usiku kucha.

Kinachonichanganya ni kimoja. Mchungaji ataniuliza kama nimetubu, kwa kuwa ni lazima aniulize. Tangu juzi ninajaribu. Nimepiga magoti mara tatu, nimefunga kula, nimesoma zaburi zote za toba. Toba haiji.

Nisalimie Nadège na kile kilichomo tumboni, kama bado kimo. Msalimie Siti jirani yako, usimsomee barua. Waambie watoto wa marehemu kaka kwamba vitenge vyao nitawatumia Krismasi. Mungu aliyekuvusha ziwa ukiwa na watoto wawili mgongoni akulainishie magoti yote mawili, na akuweke hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi nikupendaye, hata utakapokasirika,
mtoto wa kaka yako,

Adolphine